Dakika Nzima: Kumpima Mtoto Mgonjwa Anapofika Kituoni

Kijitabu cha wauguzi wa zahanati na vituo vya afya

Jumatatu asubuhi benchi la wagonjwa wa nje huwa limejaa. Mtoto anayepiga kelele ndiye anayewavuta watu, na mara nyingi huhudumiwa mapema ili wengine wapumzike. Pembeni kuna mama mwingine kamfunika mwanawe kanga, na mtoto katulia tuli. Muuguzi mzoefu humwendea huyo aliyetulia. Mwenye kulia bado ana pumzi za kulilia na nguvu za kukataa kushikwa. Aliyenyamaza huenda ameishiwa vyote viwili.

Kabla ya kadi

Kazi ya kupima huanzia kwenye benchi, kadi ikiwa bado haijaandikwa. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, idara ya watoto ilipangwa upya mwaka 2001 ili kila mtoto aangaliwe punde anapofika, si zamu yake inapofika. Vifo vya watoto waliolazwa vilipungua. Jengo lilikuwa na umuhimu wake, lakini kilichobadilika hasa ni nani anaangaliwa kwanza.

Wagawe watoto katika makundi matatu: wa dharura, wa kipaumbele, na wanaoweza kungoja foleni. Wa dharura ni yule ambaye hewa haipiti vizuri, anayepumua kwa shida kubwa, mwenye dalili za mshtuko wa damu, asiye na fahamu, anayepata degedege wakati huo, au anayeharisha hadi kalegea na macho yamezama. Huyo matibabu yake yanaanza hapo hapo. Usimtume mama dirishani kulipia kwanza.

Kisha muulize mama: mtoto ananyonya au anakunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege katika ugonjwa huu? Amelegea kuliko kawaida yake? Jibu la ndiyo kwenye kunyonya lisikutosheleze. Mwombe mama amweke mtoto ziwani, utazame. Na mama asipolitambua neno degedege, muulize kama macho yaligeuka juu au mikono ilikakamaa na kurukaruka.

Pumzi

Hapa ndipo tunapodanganyana zaidi. Ukifungua daftari ukakuta watoto ishirini wa siku moja wote wamepumua mara 24 kwa dakika, umejifunza jambo kuhusu aliyeandika. Kuhusu watoto hujajifunza lolote.

Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12 ni 50. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Viwango hivi vilienezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF ili nimonia igunduliwe hata mahali pasipo na eksirei, na vinahitaji vitu viwili tu: macho, na saa yenye sekunde.

Hesabu dakika nzima. Wengi wetu huhesabu sekunde 15 kisha tukazidisha kwa 4. Chukua mtoto wa miezi 8: ukihesabu pumzi 12 unapata 48, yuko sawa, ukihesabu 13 unapata 52, ana nimonia. Pumzi moja uliyoikosa au uliyoiongeza imeamua kama atapewa dawa au la. Tena watoto wachanga hupumua kwa vipindi, huharakisha, husita, huharakisha tena. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 aliyefikisha 60, rudia kuhesabu. Ikifika 60 tena, ndipo useme anapumua haraka.

Fungua kanga, inua shati, tazama kifua au tumbo. Asiwe ananyonya wala analia. Akilia, mwache mama ambembeleze, wewe mwangalie mwingine kisha urudi. Ukishahesabu, usiondoke bado. Anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani? Kuna sauti ya kukoroma akivuta hewa ilhali ametulia?

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni msaada mkubwa, na chini ya asilimia 90 mpe oksijeni. Lakini kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha hukichanganya, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi. Mtoto anayehangaika kupumua asirudishwe benchini kwa sababu ya namba nzuri.

Mikono baridi na dripu

Bonyeza ukucha wa kidole gumba, achia, hesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mikono ikiwa ya baridi, na mapigo yakiwa dhaifu na ya haraka, huo ni mshtuko. Dalili zote tatu kwa pamoja. Mikono baridi peke yake haitoshi.

Tunasisitiza kwa sababu ya utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri walishirikishwa. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji mengi ya haraka mshipani walifariki takriban 10.6 kwa kila 100. Ambao hawakupewa, 7.3. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo, na hao wana mipango yao ya matibabu. Kwa mtoto mwenye homa, basi, dripu ya haraka si ishara ya kumjali.

Viganja navyo visisahaulike. Vilinganishe na vya mama na vyako; vikiwa vyeupe sana, anahitaji damu ipimwe mara moja. Mtoto aliyelegea au mwenye degedege mpime sukari. Ikiwa chini ya 2.5 mmol kwa lita, mpe deksitrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, mshipani. Mshipa ukikosekana, weka kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji chini ya ulimi wake.

Kurudi

Kipimo kimoja ni picha. Viwili ndivyo vinavyoonyesha anakoelekea. Unapokabidhi zamu, acha kusema "anaendelea vizuri". Sema: saa 4 pumzi 62, saa 6 pumzi 70, hanyonyi. Mwenzako atajua aanzie kitanda gani. Mama naye mwambie dalili za kukuita, maana usiku yeye ndiye aliye macho.

Na kama chumba chenu cha mapokezi hakina saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, iandikeni kwenye ombi lijalo la vifaa, juu kabisa, kabla ya mapazia.