Somo la 7: Nguvu Zetu Zinapoishia

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wakorintho 12:7–10, Waamuzi 7:1–8, 1 Wafalme 19:1–18, Kutoka 17:8–13, Marko 14:32–42, Isaya 40:28–31.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 12:9. Lifungue katika Biblia yako na ulisome kwa sauti kila asubuhi juma hili.

Juu Ufipa bado yapo mabaki ya matanuru ambayo wazee wetu waliyaita malungu. Ni matanuru ya udongo, marefu kupita mtu, mengine yakifikia mita 3 hivi, yenye matundu kuzunguka chini. Humo waliyeyusha mawe ya chuma. Jambo la kushangaza ni kwamba kwenye tanuru hilo kubwa hakuna aliyevukuta. Joto lilipanda juu, na katika kupanda kwake likavuta hewa kuingia kwa chini, moto ukawaka siku kadhaa. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma.

Hata hivyo, wazee hawakukaa bure. Walifinyanga udongo, walichoma makaa, walibeba mawe. Kazi yao ilikuwa kuliandaa tanuru na kuyaacha matundu wazi, lakini pumzi iliyowasha moto haikutoka mapafuni mwao. Juma hili tutajifunza jinsi Mungu anavyofanya kazi ndani ya watu walioishiwa pumzi.

JUMAPILI: Mwiba Uliobaki

Soma 2 Wakorintho 12:7–10. Paulo aliomba nini, na alipewa nini?

Paulo hasemi mwiba wake ulikuwa nini. Huenda ni vyema, kwa maana kila mmoja wetu anaweza kuuona wa kwake hapo. Aliomba mara tatu uondolewe. Bwana alimjibu, ila hakumwondolea. Alimpa neema ya kumtosha akiwa na mwiba wake.

Tuwe waangalifu na maneno yetu. Tunapomwambia mgonjwa, "Ungekuwa na imani ungepona," tunamhukumu na Paulo pia. Maneno hayo yamewafanya baadhi ya ndugu zetu waache kuomba, na wengine watoke usiku kwenda kwa mganga, kwa sababu walidhani Mungu amewakataa. Kutoondolewa mwiba si kukataliwa.

Je, kuna ombi lako ambalo halikujibiwa ulivyotaka? Mungu amekupa nini badala yake?

JUMATATU: Jeshi Lililopunguzwa

Soma Waamuzi 7:1–8. Kwa nini Mungu alilipunguza jeshi la Gideoni?

Gideoni alikuwa na watu 32,000. Waoga 22,000 walirudi nyumbani, wakabaki 10,000. Kisha, penye maji, wakabaki 300. Mungu mwenyewe alitoa sababu: Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao ndio uliowaokoa. Kikundi kidogo kisicho na kinanda wala viti vya kutosha kisijidharau. Hatari kubwa ya kanisa si uchache. Ni kusahau ushindi ni wa nani.

JUMANNE: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Angalia kwa utaratibu mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya.

Nabii aliyesimama imara Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali alikimbia kwa tishio la Yezebeli, akaomba afe. Tungekuwa sisi, pengine tungemkemea. Mungu alimwacha alale. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Hakuhubiriwa akiwa na njaa.

Baada ya safari ya siku 40 mpaka Horebu, Mungu alimuuliza, akamsikiliza, akampa kazi, akampa Elisha wa kumsaidia, akamjulisha kwamba wapo wengine 7,000. Tazama basi: usingizi, chakula, kusikilizwa, kazi na mwenzi, vyote vilikuwa jibu la Mungu. Kupumzika au kwenda zahanati si upungufu wa imani. Mungu anaweza kupitia huko pia.

JUMATANO: Mikono Iliyoshikwa

Soma Kutoka 17:8–13. Musa alipochoka, Haruni na Huri walifanya nini?

Mikono ya Musa ilikuwa mizito. Hakuficha. Walimletea jiwe akaketi, wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, hata jua likachwa.

Nami nina ushuhuda mdogo. Mwaka niliofiwa na mke wangu, nilisimama kufundisha somo kwa sababu niliona aibu kusema siwezi. Katikati ya fungu sauti ilikatika. Nikabaki nimeishika Biblia, darasa likinyamaza. Shemasi mmoja, mama mtu mzima, alikuja akaitwaa Biblia mikononi mwangu taratibu, akaniambia, "Keti, Mwalimu. Leo tutakusomea sisi." Waliendelea wakasoma kwa zamu mpaka mwisho. Nimefundisha miaka mingi, lakini somo la siku ile nililipokea nikiwa nimeketi. Nilikuwa naomba Mungu anipe nguvu, kumbe alikwisha kuziweka kwenye benchi la pili.

Ni nani darasani kwenu ambaye mikono yake imekuwa mizito, naye anaona aibu kusema?

ALHAMISI: Bustanini

Soma Marko 14:32–42 pamoja na Luka 22:43. Maombi ya Yesu yanafanana vipi na ya Paulo?

Yesu naye aliomba mara tatu. Naye aliomba kikombe kiondoke, na hakikuondoka. Malaika alikuja kumtia nguvu, na nguvu ile ilikuwa ya kwenda msalabani. Basi tunapoomba tukitetemeka, tunamwomba Mmoja aliyewahi kulala kifudifudi ardhini. Ndiyo maana Waebrania 4:15, 16 inatualika tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri.

IJUMAA: Kujifunza Zaidi

Ellen G. White alipokuwa na umri wa miaka 9 alipigwa jiwe usoni na msichana mwenzake wa shule. Mkono wake ulitetemeka akiandika, na masomo yake yakakatika. Alipopewa njozi ya kwanza, Desemba 1844, alikuwa na miaka 17 na afya dhaifu mno. Mkono ule uliotetemeka uliandika maelfu ya kurasa kabla hajalala mwaka 1915. Afya yake ilimsumbua mara nyingi katika maisha yake, lakini kazi iliendelea.

Sasa soma Isaya 40:28–31. Nabii anataja kuruka, kisha kukimbia, na mwisho kutembea. Wanaopanda Lyamba lya Mfipa kutoka Milepa wanaelewa: pale hakuna anayekimbia. Anayefika Sumbawanga ni yule aliyezidi kutembea. Kuna majuma ambayo neema ya Mungu ni hatua moja tu, na hiyo inatosha.

Maswali ya kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumtegemea Mungu na kukaa bila kufanya kitu? Tumieni mfano wa ilungu.

2. Kwa nini viongozi wa kanisa huona vigumu kukiri udhaifu wao? Darasa linaweza kufanya nini ili iwe rahisi?

3. Mshiriki ameombewa mara nyingi wala hajapona, na ameacha kuja kanisani. Mtamwendea na maneno gani? Ni maneno gani mtayaacha?

4. Kabla ya kufunga, chagueni mtu mmoja wa kutembelewa mchana huu. Pangeni nani atakwenda, na mtabeba chakula gani.