Gia Isiposhika, Anza na Presha

Gari kuukuu lenye giaboksi otomatiki likianza kusumbua, malalamiko huwa yale yale. Unatia D, gari linatulia kidogo, kisha linashtuka na kuondoka. Au unakanyaga mafuta, injini inapanda kelele lakini mwendo hauongezeki. Au gia ya pili inaingia kwa kishindo mpaka abiria anauliza kuna nini. Ukifika gereji, jibu la haraka ni kwamba giaboksi imekufa, tafuta nyingine ya mtumba. Mara nyingine ni kweli. Linaloniuma ni kwamba hukumu hiyo hutolewa mara nyingi kabla mtu hajachomoa hata dipstiki.

Tuchukue giaboksi ya A131L, ya gia tatu, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990. Ndani yake meno ya gia hayaachani kamwe: gia ya katikati, gia ndogo zinazoizunguka na pete ya meno iliyo nje vimeshikana muda wote. Kinachobadilika ni kipi kinazuiwa kisizunguke na kipi kinaungwa na injini. Kazi hiyo hufanywa hasa na klachi na breki, nyingi zikiwa mafungu ya sahani za chuma zilizopishana na sahani zenye utando wa msuguano, zote zimelowa oili. Nyuma ya kila fungu kuna pistoni. Oili ya presha ikiingia, pistoni inasukumwa na sahani zinabanwa. Presha ikiondolewa, springi huirudisha pistoni na sahani zinaachiana.

Sasa fikiria. Nguvu ya kubana ni presha mara eneo la pistoni. Eneo limekatwa kiwandani, haliongezeki wala halipungui, kwa hiyo kinachobaki ni presha. Ikishuka, sahani hazibanani sawasawa, zinateleza. Na kuteleza hakupotezi mwendo tu. Chukua torki ya Nm 100 inayopita kwenye klachi ambayo pande zake mbili zinapishana kwa mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukizidisha unapata joto la zaidi kidogo ya kilowati 10, sawa na birika tano za umeme zikichemka kwa pamoja ndani ya fungu la sahani unaloweza kulishika kwa mkono mmoja. Gia inapobadilika vizuri, hali hiyo haimalizi hata sekunde. Ikiendelea kwa kilomita nzima ya mlima, utando unaungua. Ndiyo maana tatizo dogo la presha likiachwa huzaa giaboksi iliyokufa kweli.

Basi swali la kwanza ni presha inapotelea wapi, na mahali rahisi kuliko pote ni kwenye oili yenyewe. Oili haibanyiki, hewa inabanyika. Kiwango kikishuka, pampu hufyonza hewa pamoja na oili, na pistoni inasukumwa na povu. Ukijaza kupita kiasi napo, sehemu zinazozunguka huikoroga oili mpaka itoe povu, ukarudi kule kule. Kwa Corolla hii, pima gari likiwa tambarare, limeshatembea na kupata moto, injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta. Pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P mpaka L, urudi P, kisha chomoa dipstiki, ifute, irudishe, isome upande wa moto. Magari mengi ya Honda hupimwa baada ya kuzima injini, kwa hiyo usibebe kanuni ya gari moja kwenda jingine.

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Oili nzima hutanuka ikiwa nyekundu na safi. Iliyochoka ni ya kahawia. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na imeacha chembe nyeusi katikati ya doa, hizo chembe ni utando wa sahani. Na wekundu usikudanganye unaponunua, maana ni rangi iliyotiwa tu. Giaboksi hii ilikusudiwa oili ya Dexron, na Toyota za baadaye zikahamia T-IV, kisha WS. Zinatofautiana katika viambato vinavyoamua jinsi sahani zinavyoshikana, na fundi anayesema zote ni sawa anakuharibia gari.

Kiwango kikiwa sawa, angalia tatizo linatokea saa ngapi. Gia ikichelewa asubuhi tu na kukaa sawa gari likipata moto, shuku sili za mpira za pistoni: zimekauka kwa umri, zinapitisha oili mpaka joto lizilainishe. Likianza baada ya mwendo mrefu, kisa ni kinyume chake. Oili ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye nafasi zilizolika za pampu na vali.

Kisha uliza ni gia ipi. Hapa ndipo ninapoipenda mashine hii, kwa sababu klachi moja hutumika kwenye gia zaidi ya moja. Klachi inayoandikwa C1 hufanya kazi kwenye gia zote za mbele. C2 hufanya kazi kwenye gia ya tatu na rivasi. Breki ya B3 hushika kwenye rivasi na kwenye L. Kwa hiyo gari lililopoteza tatu na rivasi kwa pamoja linakuonyesha C2. Rivasi ikifa peke yake huku ya tatu ikishika vizuri, tazama B3, na ukishuka mteremko ukiwa L utaona injini haikuzuii. Mbele hakuna kabisa lakini rivasi ipo? C1. Hujafungua nati hata moja.

Bado kuna kebo. A131L haina kompyuta ya kuamua gia ibadilike lini. Presha inayopanda na mwendo wa gari husukuma vali upande mmoja, na presha inayopanda na mguu wako kwenye mafuta huisukuma upande wa pili. Ya mwendo ikishinda, gia inapanda. Ile ya mguu huletwa na kebo inayotoka kwenye throto, na ndiyo pia inayoongeza presha ya kubana. Kebo ikilegea, gia hupanda mapema, kwa ulegevu, na sahani zinateleza. Ikikazwa mno, gia huchelewa na kuingia kwa kishindo. Zima injini, mtu akanyage mafuta mpaka chini, utazame kile kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye kebo. Kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka ncha ya mpira wake. Hakipo hapo, legeza nati zake mbili urekebishe.

Haya yote yakiwa sawa na gia bado inateleza, mwambie fundi afunge geji kwenye tundu la kupimia presha, alinganishe na kitabu cha modeli hiyo kwenye D na kwenye R. Presha ikiwa ndogo kotekote, kuna chujio lililoziba, pampu iliyolika au vali ya kurekebisha presha iliyokwama. Ikiwa ndogo kwenye R peke yake, inavuja kwenye njia ya C2 au B3. Ikiwa kamili pande zote, sahani zimekwisha, na hapo giaboksi ishushwe.