SOMO LA VIKUNDI: Mgeni Atatupataje? Viungo na Habari Katika Tovuti ya Kikundi



Majuzi nilikaa na kikundi kimoja kule Takawiri. Akina mama wanapikia wageni wanaokuja kuona ufuo wetu wa mchanga mweupe, na vijana wanawazungusha kwa boti. Kikundi kina tovuti. Katibu alitoa simu, akaandika jina la kikundi kwenye Google, ukurasa ukatokea mara moja. Makofi! Nikamwomba aandike maneno ambayo mgeni wa Nairobi angeandika, mtu asiyewajua kabisa: ufuo wa mchanga mweupe, Ziwa Victoria. Akashuka chini, akazidi kushuka, mpaka betri ikaanza kulia. Kikundi hakikuonekana.

Hapo mweka hazina akasema lililokuwa linamuuma. Kijana mmoja wa kompyuta aliwalipisha shilingi 15,000 akiwaahidi watakuwa wa kwanza. Pesa zilitoka kwenye mfuko wa mikopo. Mama aliyekuwa na zamu ya kukopa, ili anunue omena kwa pesa taslimu bila kumtegemea mvuvi, aliambiwa angoje. Nyinyi mnaoijua jaboya mnaelewa kungoja huko ni kungoja gani.

Kwa hiyo somo hili si la kompyuta peke yake.

Mashine inajuaje nani awe juu?

Anzeni kwa igizo fupi. Mmoja awe mgeni aliyeshuka boti sasa hivi, anatafuta omena safi isiyo na mchanga. Anauliza watu. Mvuvi anamwelekeza kwa mama fulani. Mwalimu anamtaja mama huyo huyo. Mwenyekiti wa BMU pia. Kisha mlevi mmoja anataja majina ishirini, kila mtu kwake ni mzuri. Je, mgeni atamwendea nani? Na neno la mlevi lina uzito gani?

Google ilianza kwa wazo kama hilo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, walieleza njia waliyoiita PageRank. Ukurasa mmoja ukiweka kiungo, yaani lile neno unalobonyeza ukapelekwa ukurasa mwingine (vijana huita linki), umeupigia huo mwingine kura. Lakini kura hazilingani. Kura ya ukurasa ambao wengi wanauelekea ni nzito. Na ukurasa unaoelekeza kwa kila mtu hugawa uzito wake vipande vidogo vidogo, kama yule mlevi wetu. Leo Google inatazama mambo mengine mengi: maneno yaliyoandikwa, mahali mtafutaji alipo, kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye simu. Lakini viungo bado vinahesabiwa.

Viungo vina kazi nyingine pia. Mashine hutembea mtandaoni kwa kufuata viungo, kutoka ukurasa hadi ukurasa. Ukurasa usio na kiungo hata kimoja ni kisiwa kisicho na boti. Watu wapo, moshi unaonekana, lakini hakuna anayefika.

Kura za kununua

Sasa yule kijana alifanya nini? Tulifungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti ni nani wanaomwelekezea watu. Tukakuta kurasa za kamari na za dawa za kuongeza nguvu, za nchi za mbali, zote zikitaja kikundi cha akina mama wa Takawiri! Alikuwa amenunua kura za walevi.

Mchezo huu umewaaibisha hata wakubwa. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi duka kubwa la Marekani, JC Penney, lilivyokuwa juu kabisa kwa nguo, matandiko na vitu vingine vingi, kumbe maelfu ya viungo vilikuwa vimepandwa kwenye tovuti zisizohusika kabisa na bidhaa zake. Google ikalishusha. Aprili 2012 ikaleta utaratibu mpya ulioitwa Penguin, kwa ajili ya kuwashughulikia wanaotumia viungo vya namna hii. Tena Google yenyewe inaonya kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Mtu akikuahidi hivyo, funga kisanduku cha pesa kwanza, halafu msikilize.

Viungo vya kweli huombwa kwa watu mnaojuana nao. Parokia au dayosisi ikiwa na tovuti, waombeni waandike kazi yenu na kuweka kiungo. Ulizeni ofisi ya utalii ya kaunti. Shule iliyoleta wanafunzi, watafiti kutoka kituo cha icipe kule Mbita waliokula kwenu, mwandishi aliyelala kwenu na kuandika safari yake: hawa wanawajua. Mgeni anayekwenda Mfangano kuona michoro ya kale ya mawe au makumbusho ya amani ya Abasuba angeweza kupitia Takawiri. Andikeni ukurasa mzuri wa safari ya visiwa viwili, na nyinyi mwaelekeze watu kwao. Hata wasipowarudishia, mgeni wenu amesaidika. Ila kubadilishana viungo na kila anayepita, hapana. Na mkilipia tangazo lenye kiungo, lazima kiungo hicho kiwekwe alama ya kuonyesha kimelipiwa.

Mgeni anauliza nini hasa?

Hapa ndipo tulikaa muda mrefu zaidi, na nadhani ndipo penye kazi. Tuliusoma ukurasa wa kwanza wa kikundi kwa sauti. Ulisema: dhamira yetu, maono yetu, malengo yetu, picha ya viongozi wamesimama kwa mstari. Hiyo ni lugha ya kuombea msaada. Siwalaumu, sisi maafisa wa maendeleo ndio tuliowafundisha. Lakini hakuna mgeni anayeandika kwenye simu yake "dhamira".

Basi tukawauliza vijana wa boti: wageni huwauliza nini? Majibu yakamwagika. Kutoka Mbita boti inachukua muda gani na nauli ni ngapi? Maboya yapo? Upepo ukivuma jioni tutarudi vipi? Naweza kulala? Choo kikoje? Mnapika ngege au mbuta, na kwa bei gani? Kila swali likapewa kichwa chake na jibu fupi la kweli. Hayo ndiyo maneno yanayotafutwa, na majina ya Takawiri, Mbita, Mfangano na Homa Bay yanaingia yenyewe bila kuyarudia kama kasuku. Kurudiarudia neno mara hamsini, au kunakili maneno ya hoteli fulani, mashine inatambua, na msomaji pia.

Swali moja lilileta ubishi mkali: je, ziwa lina kichocho? Wengine walisema tukiandika hivyo tutafukuza wageni. Mama mmoja akajibu kwamba mgeni atauliza tu, na asipopata jibu kwetu atalipata kwa mwingine, atuone waongo. Nilimuunga mkono. Waliandika kwamba ndiyo, ugonjwa upo ziwani, kwamba dawa yake, praziquantel, ipo, na kwamba anayeoga aende kupimwa baadaye.

Mengine kwa haraka. Pigeni picha zenu wenyewe, lakini zipunguzwe uzito, la sivyo ukurasa hautafunguka penye mtandao hafifu. Andikeni kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wa mbali, lakini Kiswahili na Dholuo msiviache. Nauli ikipanda, badilisheni siku hiyo hiyo. Jiandikisheni kwenye ramani ya Google, ni bure, jina na namba ya simu viwe vile vile kila mahali. Wageni waombwe kuandika maoni yao. Nyinyi wenyewe msijiandikie sifa.

Msitegemee kuona matunda kesho. Huchukua wiki, mara nyingi miezi. Na kikundi kinachouza omena pale Mbita tu hakina haja ya tovuti, kwa maana wanunuzi wake hawamtafuti mtu kwenye Google, wanampigia simu. Pesa hizo zibaki kwenye mfuko wa mikopo.

Maswali ya kujadiliana

1. Wageni au wanunuzi wetu watano wa mwisho walitujuaje? Kila mmoja atajwe.

2. Andikeni maswali kumi ambayo watu hutuuliza. Ni lipi tunaogopa kulijibu, na kwa nini?

3. Mtu akija na ahadi ya kutuweka juu mtandaoni, nani kikundini ana ruhusa ya kutoa pesa, na ni zamu ya nani ya mkopo itakayosogezwa?