SOMO LA WIKI: KILWA SI MOJA



Mama mmoja wa Liuli alitusimulia habari hii darasani. Mwezi Oktoba 2004 mwanawe alikuwa Kilwa Masoko, kazi yake uvuvi. Siku moja jirani akaja mbio: "Dada, redio inasema askari wameingia Kilwa, watu wameuawa!" Mama akauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, apate nauli. Alipofika Songea, kijana mmoja akamsomea gazeti. Kumbe ni Kilwa ya Kongo! Mtoto mzima, mbuzi wamekwenda.

Basi tuzijue Kilwa hizi.

Kilwa ya kwanza ni yetu, mkoa wa Lindi, pwani ya Bahari ya Hindi. Kuna Kilwa Kisiwani, mji wa kale ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Kuna Kilwa Kivinje. Huko ndiko misafara ya karne ya 19 ilikopeleka pembe za ndovu na watumwa kutoka huku kwetu Ziwa Nyasa. Na kuna Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya.

Kilwa ya pili iko Kongo, kando ya Ziwa Mweru, katika mkoa uitwao leo Haut-Katanga. Mji huo ulitekwa na waasi Oktoba 2004, jeshi likaurudisha, na watu zaidi ya 70 wakafa.

Kilwa ya tatu ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru hilohilo, upande wa Zambia.

Usitegemee lugha ikuonyeshe tofauti. Kiswahili kinasemwa Lindi, na Katanga pia kinasemwa.

Kwa hiyo, ukisoma jina la mji, usiishie hapo. Tafuta nchi, kisha mkoa, kisha maji yaliyo karibu: ni bahari, ziwa au mto? Na wewe ukiandika barua au ujumbe wa simu, taja hayo yote.

Yule mama sasa anasoma mwenyewe. Nilimwuliza kama alifurahi siku ile pale Songea. Akajibu: "Nilifurahi, mwalimu, halafu nikaona haya. Waliokufa kule nao wana mama zao."

MASWALI
1. Kilwa Masoko iko mkoa gani?
2. Ziwa gani lina Kilwa mbili?
3. Andika anwani kamili ya ndugu yako aliye mbali. Mpe jirani aisome. Je, ameelewa ni wapi?