Motokaa ya Zamani Mbele ya Waamuzi

Watu wengi wakisikia habari za mashindano ya motokaa hufikiri mbio, vumbi na matairi yaliyopasuka. Lakini yako mashindano ya namna nyingine. Motokaa husimamishwa juu ya majani mabichi, na waamuzi wenye kalamu na karatasi huizunguka, hupiga magoti, huchungulia chini yake, wala hawaulizi hata kidogo kwamba yaweza kwenda maili ngapi kwa saa. Kwa Kifaransa huitwa concours d'élégance, yaani mashindano ya umaridadi. Katika Marekani yanayojulikana kupita yote ni yale ya Pebble Beach, pwani ya California, yaliyoanza mwaka 1950. Afrika ya Mashariki nayo si mgeni wa jambo hili, maana Nairobi mashindano ya jina hilo yamefanywa kwa miaka mingi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong.

Kwanza Pebble Beach walitukuza motokaa za siku zile zile. Mwaka 1955 akaja kijana mmoja, Phil Hill, ambaye baadaye, mwaka 1961, alikuwa Mmarekani wa kwanza kupata ubingwa wa dunia wa mbio za Formula One. Mwaka huo wa 1955 alishinda pale mbio zenyewe kwa motokaa ya Ferrari. Lakini katika mashindano ya umaridadi alileta Pierce-Arrow ya mwaka 1931, kubwa kama chumba, ambayo jamaa yake aliinunua ikiwa mpya, naye akaitengeneza upya. Ikapata tuzo kubwa. Ndiyo motokaa ya kwanza ya kabla ya Vita Kuu ya Pili kushinda pale, na tangu siku hizo tuzo hiyo imekuwa zaidi na zaidi ya wazee.

Pierce-Arrow zilitengenezwa mjini Buffalo, katika jimbo la New York, na kiwanda ambacho wazee wake walianza kwa kuuza vizimba vya ndege na baiskeli. Mwaka 1909 Rais Taft alizichagua kwa kazi ya ikulu. Ukitaka kuitambua kwa mbali, tazama taa zake: tangu mwaka 1914 ziliwekwa ndani ya madigadi yenyewe, kama macho ya chura, wakati motokaa nyingine zilikuwa na taa zilizosimama peke yake mbele. Kiwanda kilifungwa mwaka 1938, kwa kuwa shida ya fedha iliyoanza mwaka 1929 iliwapunguza sana wanunuzi wa vitu vya namna ile.

Motokaa za kitajiri za wakati ule mara nyingi hazikutoka kiwandani zikiwa kamili. Tajiri aliweza kununua fremu, injini na magurudumu tu, kisha akapeleka kwa mafundi wa bodi, kama LeBaron au Murphy, wamjengee nyumba juu yake kwa mbao na mabati. Fremu ya Duesenberg ya namna ya J, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1928, iliuzwa dola 8,500 bila bodi, na Ford ya kawaida ilipatikana kwa dola kiasi cha 500. Basi motokaa mbili za mwaka mmoja na jina moja zaweza kutofautiana kama nyumba mbili za mtaa mmoja. Hapo ndipo kazi ya mwamuzi inapokuwa ngumu, na ya fundi pia.

Mwamuzi haulizi, "Je, inang'aa?" Huuliza, "Je, ndivyo ilivyokuwa?" Katika chama kinachoitwa Classic Car Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1952, hesabu huanzia alama 100, na kila kosa hupunguza. Fundi akipaka kromiamu taa za motokaa ya mwaka 1920, amekosa, hata kama kazi yake ni safi mno, kwa sababu siku zile walitumia nikeli, ambayo mng'ao wake una umanjano kidogo. Kromiamu ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyaya za umeme zilifunikwa kwa uzi wa pamba, si kwa plastiki. Hata bolti hutazamwa vichwa vyake. Tena motokaa isiyoweza kuwaka ni sanamu tu. Honi ilie, taa ziwake.

Kwa hiyo fundi mwema huanza kama mpelelezi. Hutafuta picha za zamani na vitabu vya kiwanda. Hukwangua rangi polepole mahali palipofichika, labda chini ya kiti, apate kuona tabaka ya kwanza kabisa. Huweka hata kipande cha zulia kilichooza, kwa kuwa ndicho kitakachomwambia nyuzi zilikuwa za namna gani.

Pamoja na hayo kuna hatari, na mimi naona ndiyo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Rangi za leo hung'aa kuliko rangi yo yote ya mwaka 1931. Tamaa ya ushindi humvuta mtu kusugua, kunyosha na kupaka mpaka motokaa iwe nzuri kuliko ilivyotoka mikononi mwa waliyoitengeneza. Tena rangi ya kwanza ikikwisha kukwanguliwa, hairudi. Ni kama mtu aliyepata hati iliyoandikwa na babu yake, akaiona chafu, akainakili kwa mwandiko mzuri, kisha akaichoma ile ya kwanza. Nakala haina kosa hata moja, lakini mkono wa babu haumo tena.

Waamuzi wenyewe wameliona jambo hilo. Siku hizi Pebble Beach wana kundi la pekee la motokaa zilizohifadhiwa tu, zisizotengenezwa upya. Motokaa ya namna hiyo ilikuwa haijapata tuzo kubwa mpaka mwaka 2024. Wala haikuwa ya Kimarekani, bali Bugatti ya mwaka 1934 kutoka Ufaransa, iliyowahi kuwa mali ya Leopold III, mfalme wa Wabelgiji. Ilikuja uwanjani na rangi yake nyeusi yenye mstari wa manjano, imechakaa na kukwaruzika, ikasimama katikati ya zile zilizong'aa kama vioo, ikazishinda.