SOMO LA HISTORIA: NANI ALIUJENGA MJI WA TABORA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wapenzi, ukimuuliza mtoto ni nani aliyeuanzisha mji wa Tabora, mara nyingi hujibu haraka: "Waarabu." Mwingine atasema ni Wajerumani, kwa sababu ya Boma na reli. Mwingine atasema ni Wanyamwezi, kwa sababu nchi ni yao. Katika somo hili tutaona kwamba kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalotosha. Mji huu ulizaliwa kwa makubaliano baina ya mwenyeji na mgeni. Makubaliano hayo yalipoheshimiwa mji ulisitawi, na yalipovunjwa damu ilimwagika. Hilo ndilo tunalotaka mlishike.

1. NCHI YA UNYANYEMBE

Kabla ya jina la Tabora kuvuma, nchi hii ikijulikana kwa jina la Unyanyembe. Ilikuwa moja ya nchi nyingi za Wanyamwezi, kila moja ikiwa na mtemi wake. Wageni wa kwanza walioandika habari zake waliyaita makazi ya wafanyabiashara Kazeh, na baadaye kidogo jina la Kwihara nalo likawa maarufu. Kuhusu jina la Tabora, wazee husimulia kuwa limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani. Hicho kilikuwa chakula kizuri cha safari, kwani hakiharibiki upesi na hakimlemei mbebaji. Mji wa wasafiri kuitwa kwa jina la chakula cha njiani si jambo la kushangaza.

Tazama ramani utaona kwa nini mahali hapa palifaa. Kutoka mashariki ilikuja njia ya Bagamoyo, ikipita Mpwapwa na Ugogo, kisha Tura, Rubuga na Kigwa. Hapa Unyanyembe njia iligawanyika. Moja ilielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine kusini magharibi kuelekea Ufipa na nchi ya Katanga yenye shaba.

2. NJIA ILIFUNGULIWA NA NANI?

Hapa wengi hukosea. Si kweli kwamba Wanyamwezi walikaa wakingoja mpaka watu wa pwani walipowafikia. Wao wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa zamani. Walibeba chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma na shaba, wakauza kwa majirani. Kufika karibu na mwaka 1800 misafara yao ilikuwa imekwisha kufika pwani na pembe za ndovu. Watu wa pwani walipoanza kwenda bara, walifuata njia ambazo miguu ya Wanyamwezi ilikwisha kuzikanyaga.

Zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, biashara ya Zanzibar ilipanuka sana. Pembe za ndovu zilitakiwa India kwa bangili, na Ulaya na Marekani kwa vitana na vibao vya piano. Kutoka pwani zilipelekwa shanga, masango ya shaba, kaniki, na nguo zilizofumwa Marekani ambazo mpaka leo tunaziita merikani.

3. MWENYEJI NA MGENI

Miongoni mwa wageni wa kwanza kukaa Unyanyembe alikuwa Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat. Mwingine alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu kutoka Oman, ambaye kwanza alikuwa muuza halua huko Muscat, kisha akaja kuwa tajiri mkubwa wa Kazeh. Makazi yao ya Kazeh yalianza kuimarika mnamo mwaka 1852.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Hakukuta mji wenye mitaa na barabara. Alikuta matembe makubwa machache yenye ua katikati, maghala, bustani na vyumba vya watumwa, na pembeni vijiji vya wenyeji. Aliandika kwamba Waarabu waliokaa hapo ni nadra kuzidi 25, na wakati wa safari walibaki watatu au wanne tu.

Jiulizeni, enyi wanafunzi: watu 25 wanaweza kukaa salama mamia ya maili kutoka pwani kwa nguvu zao wenyewe? Haiwezekani. Walikaa kwa idhini ya mtemi.

Mtemi wa wakati huo alikuwa Fundikira. Burton anasimulia kwamba Fundikira alikuwa njiani kuelekea pwani, amebeba mzigo kama mpagazi, alipopata habari kuwa baba yake amefariki. Akautua mzigo wake, akarudi nyumbani kutawala. Basi mtemi aliyewapokea wageni hawa aliijua njia kwa mabega yake mwenyewe. Wageni nao waliungana na ukoo wake. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa Fundikira.

4. MAKUBALIANO YALIPOVUNJIKA

Baada ya Fundikira kufariki, utemi ulishikwa na Manwa Sera. Mtemi huyu mpya alitaka wafanyabiashara walipe ushuru kwa bidhaa zinazoingia katika nchi yake. Kwake ilikuwa haki ya mwenye nchi, kwani hata Ugogo misafara ililipa hongo. Kwa wafanyabiashara ilikuwa ni kuondolewa nafuu waliyoizoea. Badala ya kukaa na kusikilizana, walichukua silaha, wakamtoa Manwa Sera na kumweka Mkasiwa mnamo mwaka 1860.

Matokeo yake hayakuwa mazuri kwa yeyote. Manwa Sera aliingia msituni na kupigana kwa miaka kadhaa. Snay bin Amir, yule muuza halua aliyepata utajiri, aliuawa vitani mwaka 1861. Manwa Sera naye aliuawa mwaka 1865. Wakati huo wote mashamba yaliachwa, njia zikafungwa na watu wakaona njaa.

5. MIRAMBO NA ISIKE

Somo hilo halikutosha. Upande wa magharibi aliinuka Mtemi Mirambo wa Urambo, kiongozi hodari aliyetaka njia ya Ujiji iwe chini ya mamlaka yake. Mwaka 1871 vita vikazuka baina yake na wafanyabiashara wa Unyanyembe. Mwezi wa Agosti mwaka huo Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Tabora, aliuawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Liwali wa Sultani wa Zanzibar hapo alikuwa Said bin Salim, lakini uliwali wake haukuweza kumzuia Mirambo. Vita viliendelea hadi mnamo mwaka 1875. Mirambo alifariki mwaka 1884.

Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890. Mtemi wa Unyanyembe alikuwa Isike, naye hakukubali kuwa chini yao. Alijihami ndani ya ngome yake, akawarudisha nyuma zaidi ya mara moja. Mwezi wa Januari 1893 jeshi la Mjerumani Tom von Prince liliivunja ngome hiyo. Isike alipoona imeingiwa, aliilipua ghala ya baruti akiwa humo humo na watu wake. Kwa hiyo, mwanafunzi atakayesema kuwa Wajerumani ndio walioanzisha Tabora akumbuke kuwa waliukuta mji, na waliuchukua kwa nguvu.

6. WALIOBEBA MIZIGO NA WALIOFUNGWA MINYORORO

Mpaka hapa tumetaja watemi, matajiri na maliwali. Lakini mji haujengwi na hao peke yao. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutwa nzima, kwa miezi mitatu au minne. Alilipwa kwa nguo na shanga, na wengi walirudi kuwahi msimu wa kilimo. Bila bega la mpagazi, Tabora isingekuwepo.

Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe la Livingstone hapo leo ni makumbusho. Watu wengi wanalijua hilo. Wachache wanakumbuka kwamba Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kutoka ndani kabisa ya bara, wakapita hapa hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Huo ni uaminifu wa hali ya juu.

Kisha kuna jambo zito ambalo hatuwezi kulificha. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, wengi wao wakitoka Manyema na nchi nyingine za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengine walipelekwa pwani, wengine wakabaki Tabora kulima na kutumika. Waliowamiliki na kuwauza walikuwamo Waislamu waliosali na kufunga, na walikuwamo pia watemi wenyeji. Dini yetu imeufanya ukombozi wa mtumwa kuwa ibada. Suratul Balad inautaja katika mambo mazito ya kheri, na Suratut Tawba, aya ya 60, inauwekea fungu katika zaka. Waliowakamata watu huru wakawauza kwa faida walikwenda kinyume na mafundisho hayo, na sisi hatuna sababu ya kuwatetea. Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873 na kuipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara mwaka 1876. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kwa sheria mwaka 1922.

Wajukuu wa wapagazi, wa waliokuwa watumwa, wa Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu na Wahindi wamekaa mtaa mmoja na kusali safu moja. Haifai mmoja wao kumdharau mwenziwe kwa nasaba.

7. UISLAMU NA MJI

Tabora na Ujiji ni katika miji ya bara iliyotangulia kuwa na Waislamu wengi. Lakini wafanyabiashara wa kwanza walishughulika zaidi na biashara kuliko da'wah. Kazi kubwa ya kuieneza dini ilifanywa baadaye na masheikh, walimu wa vyuo vya Qur'an, na wafuasi wa twariqa ya Qadiriyya tangu mwishoni mwa karne ya 19. Dini ikaingia hata katika nyumba ya utemi: Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa kwanza katika Tanganyika huru na kufariki mwaka 2007, alikuwa Muislamu.

8. KUTOKA MSAFARA HADI RELI

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na kazi ya mpagazi ikaisha. Mwezi wa Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliotoka Kongo waliuteka mji, kabla ya kuwaachia Waingereza. Mwaka 1928 reli ya kwenda Mwanza ilikamilika, na Tabora ikawa tena njia panda, kama ilivyokuwa zama za misafara. Mwezi wa Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa na kuamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliosaidia kuufikia uhuru mwaka 1961 bila vita. Mji ulioumia mara nyingi kwa kukosa kusikilizana, safari hii ulishuhudia watu wakijadiliana hadi wakakubaliana.

9. MAFUNZO

Kwanza, Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Mgeni akipewa ardhi na amani, ana deni kwa mwenyeji. Na mwenyeji akitaka kubadilisha masharti, njia ni mazungumzo. Pili, biashara ni halali, lakini si kila kinacholeta faida ni halali. Tatu, historia ya kweli haifichi aibu wala haimnyimi mtu haki yake. Nne, mji wenye baba wengi hauwezi kuwa wa kabila moja.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tembe: nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa.
Mtemi: mtawala wa Kinyamwezi.
Hongo: zamani, malipo ya msafara kwa mwenye nchi ili upite. Leo neno hili lina maana ya rushwa.
Mpagazi: mbeba mizigo ya msafara kwa ujira.
Frasila: kipimo cha uzito, karibu kilo 16.

ZOEZI

1. Taja njia nne zilizokutana Unyanyembe na kila moja ilikokwenda.
2. Kwa nini idadi ya Waarabu aliyoitaja Burton inaonyesha kuwa walikaa kwa idhini ya mtemi?
3. Eleza madai ya Manwa Sera na madai ya wafanyabiashara. Wewe ungewapatanisha vipi?
4. Qur'an imeuwekaje ukombozi wa watumwa?
5. Muulize babu, bibi au mzee wa mtaani kwako jina la mtaa wenu limetokana na nini, na ukoo wenu ulifikaje hapo. Andika majibu yake kwenye daftari na uyahifadhi, kwa sababu mzee akiondoka huondoka na mengi.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie tuwe watu wa kutimiza ahadi, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.