Fear Street 1666: Mchawi Hasa Alikuwa Nani?



Kijana mwenzangu, somo la leo tunalichota kwenye muvi. Tena muvi ya kutisha: Fear Street Part Three: 1666, ya mwongozaji Leigh Janiak, iliyotoka Netflix Julai 2021. Ndiyo inayofunga mfululizo wa muvi tatu uliotokana na vitabu vya R. L. Stine. Ya kwanza ni ya mwaka 1994, ya pili 1978, na hii inarudi nyuma kabisa mpaka 1666. Angalizo: ina mauaji ya kutisha, si ya kuangalia na wadogo zako. Angalizo la pili: nitasimulia mpaka mwisho.

Kisa chenyewe

Katika muvi mbili za mwanzo tunaambiwa mji wa Shadyside umelaaniwa na mchawi Sarah Fier, aliyenyongwa zamani. Kila baada ya miaka kadhaa mtu wa kawaida pale anageuka muuaji, huku majirani zao wa Sunnyvale wanastawi tu. Sababu kila mtu anaijua: ni Sarah.

Ya tatu inatupeleka kwa Sarah mwenyewe, kwenye kijiji cha Union huko Marekani. Matunda yanaoza, nguruwe anakula watoto wake, maji ya kisima yanaharibika. Halafu mchungaji wa kijiji anaua watoto ndani ya kanisa. Watu wameshikwa na hofu, wanataka jina. Jina linalotajwa ni Sarah.

Kumbe aliyefanya agano na shetani ni Solomon Goode, yule jirani mpole ambaye Sarah alimkimbilia kuomba msaada! Ukoo wake, kizazi baada ya kizazi, unatoa jina la mtu wa Shadyside, nao unalipwa mali na vyeo. Hata sherifu wa mwaka 1994, Nick Goode, ni wa ukoo huo. Laana haikuwa ya Sarah hata siku moja.

Uongo ulipataje miguu?

Hapa tukae kidogo. Muvi inaonyesha kwamba Sarah alimpenda msichana mwenzake, Hannah, binti wa mchungaji, na watu waliwaona. Mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo unayajua. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 2358, inatutaka tuwapokee watu hawa kwa heshima na huruma, bila kuwabagua isivyo haki. Sasa angalia kijiji kilivyofikiri: "Ametenda hili, basi na lile la kisima ni lake, na la watoto ni lake." Jambo moja la kweli likafanywa ushahidi wa mambo kumi ya uongo. Darasani kwetu tunaita hiyo hoja batili. Mtaani inaitwa "si unamjua alivyo?" Na inaua.

Mwanafalsafa Mfaransa René Girard, aliyekuwa Mkatoliki, alieleza kwamba jamii ikizidiwa na hofu hutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa lawama zote. Wakishamwondoa, wanapatana na kutulia. Amani hiyo ndiyo inawadanganya kwamba walikuwa sahihi.

Siyo muvi tu

Mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts, watu 19 walinyongwa kwa shutuma za uchawi, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey alikufa akikandamizwa kwa mawe. Ulaya nako, maeneo ya Wakatoliki na ya Waprotestanti yote yaliua. Lakini alikuwepo Padre Friedrich Spee, Mjesuiti wa Ujerumani, aliyewaungamisha watu waliohukumiwa. Mwaka 1631 kitabu chake Cautio Criminalis kilitoka bila jina lake. Hoja yake ilikuwa rahisi: mateso ndiyo yanayotengeneza wachawi. Mtese mtu vya kutosha, atakiri lolote na kutaja wenzake. Alifariki 1635 baada ya kuambukizwa tauni akihudumia wagonjwa.

Na kwetu je? Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa panga kisa macho mekundu, macho yaliyochoshwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Mtoto anafariki, mpiga ramli chonganishi anataja jina, usiku watu wanakwenda. Wengine wanabaki wakigombania shamba la marehemu. Ukoo wa Goode uko wapi hapo? Tafuta anayefaidika.

Pale muvi inapoishia

Sarah anakiri kosa asilotenda ili Hannah aachiwe. Anakufa kwa ajili ya mwingine, na hapo moyo wa Mkristo unashtuka, maana anaijua sura hiyo. Lakini Sarah anaapa kumwandama Solomon na uzao wake. Yesu msalabani aliwaombea msamaha waliomsulubisha (Lk 23:34). Kwenye muvi laana inakatika Deena anapomuua sherifu. Kisha mwishoni mkono unachukua kile kitabu cha kishetani. Damu ya adui haikumaliza kitu.

Soma Danieli 13. Susana amehukumiwa kufa, umati wote umeshakubali. Kijana mmoja, Danieli, anapaza sauti na kudai mashahidi wahojiwe mmoja mmoja. Hakuwa na upanga. Alikuwa na swali. Kijana Mkatoliki, kazi yako kwenye grupu la WhatsApp ni hiyo hiyo: picha ya mtu ikirushwa na maneno "huyu ndiye mchawi wa mtaa," uliza nani kaona, lini, wapi. Ukikosa jibu, usiisambaze. Katekisimu namba 2477 inataja wazi dhambi ya kuhukumu bila msingi na ya kusingizia.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani nimewahi kuamini ubaya wake kwa sababu tu "wote wanasema"?
2. Kwenye familia yetu, msiba ukitokea, huwa tunatafuta faraja au mtu wa kulaumu?
3. Wiki hii naweza kumtembelea nani ambaye mtaa mzima unamkwepa?

Tusali

Ee Yesu, uliyehukumiwa kwa ushahidi wa uongo, utupe ujasiri wa Danieli. Tuepushe na hofu inayotafuta mtu wa kumuua. Uwapokee wote waliouawa kwa kusingiziwa, na uwaongoe waliowaua. Amina.